Kifaa Namba Sitini na Moja

1

Nakiete Mbwambo aliandika maneno mawili kwenye kompyuta yake, *orodhesha vifaa*, akabonyeza kitufe. Orodha ikashuka kwenye skrini mstari kwa mstari mpaka ikatimia mia moja. Sheria haikuruhusu kampuni kuwa na zaidi ya hapo.

Alikuwa mpimaji wa programu katika kampuni ya Sautika, pale Morogoro, na kazi yake ilikuwa vidani. Kidani ni jina la mtaani tu. Kwenye karatasi za serikali kiliitwa kifaa cha sauti cha shingoni. Mtu aliyeondolewa koromeo kwa saratani au ajali alikivaa kama mkufu, akachezesha midomo na shingo bila sauti, nacho kikasoma misuli yake na kumtamkia.

Vidani vilivyokuwa vinauzwa vilisubiri neno liishe ndipo vitamke, na kwa hiyo waliovivaa walizungumza polepole kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini lilikuwapo toleo la majaribio, na hilo halikusubiri. Lilikisia. Mtu akianza sentensi, lenyewe lilimmalizia, naye akasikika kama mtu mwenye koo zima. Toleo hilo lilikubali kuwaka kwenye vile vifaa mia tu, ambavyo namba zake zilikuwa zimeandikishwa.

"Naki, umefika wapi?" Bwana Rutashobya, mwenye kampuni, aliuliza kutoka mlangoni. "Ijumaa saa sita mchana Tume ya Vifaa vya Mwilini wanaingia. Wanataka kila kifaa kiwe na jina la mwenyewe na karatasi ya ridhaa yake."

"Nimeitoa orodha sasa hivi, bosi. Kila kimoja kina jina." Akashuka na kidole chake kwenye skrini, kikasimama. "Isipokuwa hiki. Sitini na moja."

"Kitakuwa kiko kwenye droo fulani. Kifute." Akaondoka zake.

Nakiete alikuwa na tabia moja ambayo mama yake aliilalamikia tangu akiwa mdogo: hakuweza kutupa kitu kabla ya kujua ni kitu gani. Akaomba maelezo zaidi ya mstari ule. Kifaa namba 61 kiliandikishwa miaka mitano iliyopita na Gaudensi, mhandisi ambaye Nakiete alimfahamu kwa picha tu iliyotundikwa kwenye korido, kwani alifariki kwa maradhi mwaka mmoja kabla Nakiete hajaajiriwa. Mahali pa jina la mwenye kifaa palikuwa patupu. Mara ya mwisho kuwasiliana na seva: leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Kifaa kilicho kwenye droo hakiwasiliani na mtu.

Akauliza kimetuma sentensi ngapi kwa miaka yote hiyo, maana toleo la majaribio hutuma ofisini kila linachotamka ili wahandisi wakague makosa. Vifaa vingine vilikuwa vimetuma sentensi elfu mbili, elfu tatu, kimoja elfu tisa. Namba 61 kilikuwa kimetuma zaidi ya milioni moja na laki mbili.

Akavaa visikizio vyake, akachagua sentensi moja ya asubuhi ile. Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye uchangamfu, ilisema, "Haya, Darasa la Sita, robo tatu ya thelathini na sita ni ngapi? Wewe wa nyuma unayecheka, nifurahishe na mimi."

Nakiete akavua visikizio na kuviweka mezani taratibu.

2

Kabla ya kumwona bosi alifanya jaribio. Kwenye meza yake kulikuwa na kidani namba 14, alichokitumia kwa vipimo. Akakifuta kwenye orodha, akakiwasha. Kilisema "Habari ya—" kisha kikakatika. Taa yake ndogo ikageuka nyekundu. Akajaribu mara tatu na hakikutoa hata mkwaruzo. Aliporudisha namba yake kwenye orodha, kikamalizia salamu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Akaenda ofisini kwa Bwana Rutashobya na kufunga mlango.

"Ni mwalimu," alisema. "Anafundishia. Nikimfuta, atanyamaza mbele ya wanafunzi."

Bwana Rutashobya hakuonekana kushtuka sana, na hilo ndilo lililomshtua Nakiete. Alikuwa mtu mwenye staha, si mkali. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Tutampelekea kidani cha kawaida. Kipya."

"Kile cha polepole?"

"Ndicho kilichoruhusiwa, Naki."

"Bosi, ulijua?"

"Nilijua Gaudensi alimpa mtu. Sikujua ni nani, na sikuuliza." Akavaa miwani. "Sikiliza. Mwezi ujao toleo linalokisia linatoka kwa umma. Wako watu elfu kumi na moja kwenye foleni. Unajua limejifunzia wapi kukisia kwa Kiswahili safi namna ile? Si kwa vile vifaa vinavyosema elfu mbili. Limejifunza kwa huyo mwalimu. Sasa Tume wakikuta mtu ambaye hakuulizwa, hakusaini, na maneno yake ya miaka mitano ndiyo yaliyotulea, watasimamisha kila kitu. Mwaka mzima, pengine miwili. Wale elfu kumi na moja wataendelea kuandika kwenye vibao, maana kile cha polepole kimewashinda."

"Kwa hiyo tukimfuta, hakuwahi kuwapo."

"Tukimfuta, atapata kidani halali, na wenzake elfu kumi na moja watapata sauti. Niambie wewe nani anaumia."

Swali hilo lilimkera Nakiete njia nzima ya kurudi mezani kwake, kwa sababu alihisi jibu lipo na mwenye nalo si yeye wala bosi.

Aliomba ruhusa ya siku mbili. Akasema anakwenda kukihakiki kifaa kabla ya kukifuta, na Bwana Rutashobya, aliyemfahamu, akapumua tu na kusema, "Ijumaa saa sita, Naki."

3

Shule haikuwa ngumu kuipata. Katika sentensi milioni moja mtu hulitaja jina la shule yake mara nyingi. Ilikuwa Mahenge, juu milimani. Alipanda basi la umeme hadi Ifakara, akalala hapo, na asubuhi akapanda lingine lililokwea kona kwa kona huku ukungu ukigusa vioo. Saa nne alikuwa amesimama chini ya dirisha la darasa, akiisikiliza kwa masikio yake sauti aliyoisikia kwenye visikizio.

Mwalimu Perpetua Mponda alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwembamba, mwenye gauni la kijani na kidani kilichochakaa shingoni. Mikono yake ilikuwa na vumbi la chaki hadi kwenye viwiko. Kipindi kilipoisha, Nakiete alimwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mkaguzi? Mbona hukubisha hodi? Wakaguzi siku hizi wanachungulia madirishani?"

"Si mkaguzi. Ninatoka Sautika. Wanaotengeneza hicho ulichovaa."

Mwalimu Perpetua akakigusa. "Gaudensi amekutuma?"

Nakiete alilazimika kumwambia kwamba Gaudensi alishafariki, na kwamba ni muda mrefu. Mwalimu alikaa kwenye benchi la nje ya darasa.

"Nilimfundisha kusoma," alisema hatimaye. "Aliposikia nimekatwa koo alikuja mwenyewe. Wakati ule nilikuwa na kile cha polepole. Darasa la watoto sabini na mbili, nikiuliza swali, kabla halijaisha nusu ya darasa wameshaanza kupigana. Akaniletea hiki. Akasema, 'Mwalimu, hiki kitakuwa kinakutangulia kidogo, usiogope.' Nikafikiri ameniletea zawadi."

"Ilikuwa zawadi," Nakiete alisema. "Lakini kuna mambo hakukuambia."

Akamweleza yote pale kwenye benchi, bila kuficha: orodha, vifaa mia moja, mstari usio na jina, sentensi zilizotumwa, Tume, Ijumaa, wale elfu kumi na moja. Alitegemea hasira. Mwalimu Perpetua alimsikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mtoto anayesoma kwa shida, na alipomaliza akauliza swali ambalo Nakiete hakulitarajia.

"Kila nilichosema? Mnacho?"

"Kila kitu. Ninaomba radhi, Mwalimu."

"Na mnaweza kujua lipi nililisema mimi, na lipi kilinimalizia?"

"Tunaweza. Ukifungua sentensi, maneno yaliyotoka kwenye misuli yako yameandikwa kwa nyeusi. Yaliyokisiwa yameandikwa kwa buluu."

Mwalimu akasimama, akakung'uta chaki kwenye gauni.

"Twende nyumbani," alisema.

4

Nyumba ilikuwa hatua mia mbili kutoka shuleni, ya matofali ya kuchoma, na kuku wakipita mlangoni. Mwalimu alichemsha chai ya tangawizi, akamwekea Nakiete kiazi kitamu kwenye sahani, kisha akakaa mbele yake.

"Kwanza nionyeshe kitu kidogo. Cha darasani."

Nakiete alifungua kompyuta yake, akaitafuta ile sentensi aliyoisikia ofisini. Wakatazama pamoja. *Robo tatu ya thelathini na sita* ilikuwa nyeusi mpaka kwenye "thelathini", na "na sita" ilikuwa buluu. *Wewe wa nyuma unayecheka* ilikuwa nyeusi. *Nifurahishe na mimi* ilikuwa buluu yote.

Mwalimu Perpetua akacheka kwa mabega, bila sauti, kwani kidani hakikujua kucheka. "Hilo ndilo lililowachekesha watoto! Kumbe si langu."

"Umelisema mara nyingi huko nyuma. Kimelizoea."

"Basi ni langu la zamani." Aliendelea kusogeza kurasa, akisoma kwa makini, akiguna kwa midomo. Alitaka kujua ni maneno mangapi kati ya kumi huwa ya mashine, na kama huongezeka akichoka, na kama kilishawahi kusema jambo ambalo yeye alikuwa anaelekea kulikataa. Nakiete alijibu kila swali, na kwa muda wawili hao walisahau kilichowakutanisha. Ilikuwa kama kusahihisha madaftari ya mtu wa tatu.

Kisha Mwalimu akaacha kusogeza.

"Nitafutie siku moja. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne, alasiri. Mume wangu Sisti alikuwa amelazwa chumba hicho hapo."

Nakiete aliandika tarehe. Alipouliza anatafuta sentensi gani, Mwalimu aliutazama mlango wa chumba kile.

"Sisti alikuwa na familia nyingine Ifakara. Miaka kumi na tisa. Niliijua mwishoni, akiwa kitandani, mtoto wake wa kule alipokuja kumwona na kuniita mama mkubwa. Nilimuuguza hivyo hivyo, lakini sikuongea naye. Nilimlisha, nikamwosha, bila neno. Siku hiyo alinishika mkono akauliza, 'Perpe, umenisamehe?' Nami nikajibu, 'Nimekusamehe.' Akafariki kesho yake asubuhi." Akaiweka mikono yake mezani. "Tangu siku hiyo najiuliza. Nilipofungua mdomo, neno lilikuwa limeshatoka. Nataka kujua nani alilisema."

Sentensi ilikuwa imeshafika kwenye skrini, upande wa Nakiete. Ilikuwa ya neno moja, na chini yake kulikuwa na hesabu za mashine. *Nime* ilikuwa nyeusi. *kusamehe* ilikuwa buluu. Baada ya "nime", misuli ya shingo ilikuwa imetulia kabisa kwa sekunde nne. Mashine ilikuwa na maneno matatu ya kuchagua: *nimekusamehe*, uwezekano arobaini na moja katika mia, *nimekusikia*, thelathini na nane, *nimechoka*, tisa. Pointi tatu tu ndizo zilizoamua.

Nakiete aliitazama skrini, akijua kwamba skrini hiyo haikuwa inaonekana kutoka ng'ambo ya meza. Angeweza kusema neno lote ni jeusi. Mama huyu angelala vizuri maisha yake yote yaliyobaki. Na nani angeumia? Swali lilikuja kwa sauti ya Bwana Rutashobya, na hapo ndipo alipolitambua. Tayari mashine ilikuwa imemmalizia Mwalimu huyu sentensi yake bila kumuuliza. Yeye angekuwa wa pili.

Akaigeuza kompyuta.

Mwalimu Perpetua alisoma. Akasoma tena, kidole kikipita chini ya kila mstari. Nje, kuku mmoja alianza kelele za kutaga na hakuna aliyemjali.

"Nilikuwa sijaamua," alisema. Kidani kilitamka kwa sauti ileile changamfu ya darasani, na Nakiete alitamani kisingekuwa nayo. "Ndiyo maana shingo ilitulia. Nilianza, nikasimama, nilitaka kufikiri. Sekunde nne! Miaka kumi na tisa, nami nilikuwa nimejipa sekunde nne."

"Pole, Mwalimu."

"Alitabasamu, unajua. Ningefanya nini, nimnyang'anye?" Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, chaki ikabaki shavuni. "Basi msamaha ule aliutoa nani?"

"Sijui," Nakiete alisema. "Ningekuwa najua ningekuambia."

Mwalimu Perpetua akakaa wima, kama aliyerudi mbele ya ubao.

"Wale watu elfu kumi na moja. Wataambiwa lipi jeusi na lipi buluu?"

"Hapana. Haikupangwa hivyo. Watasikia sauti yao tu."

"Kwa hiyo kutakuwa na wanawake elfu kumi na moja kama mimi, na hawatakuwa na binti wa kuja na kompyuta."

"Wengine ni wanaume."

"Nao watatamka viapo ambavyo si vyao." Akasukuma kompyuta kumrudishia. "Hiyo orodha yako. Pale palipo patupu, andika jina langu. Perpetua Mponda, mwalimu. Na kwenye ridhaa andika ukweli: hakuulizwa."

"Tume watakizima, Mwalimu. Watazima vyote mia. Utabaki bila sauti hii, sijui kwa muda gani. Na foleni itasimama."

"Nimekuelewa."

"Darasa je?"

"Nina chaki," alisema Mwalimu Perpetua. "Andika, mwanangu, kabla sijaogopa."

5

Nakiete aliandika jina lile Alhamisi ileile, kwenye meza yenye maganda ya kiazi, akalihifadhi. Kisha akampigia simu Bwana Rutashobya na kumwambia alichofanya, kwa sababu hakutaka alisikie kwa Tume. Bosi hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe ulikwenda kumuuliza," kisha akakata simu.

Tume walifika Ijumaa na kusoma orodha. Jumatatu vifaa vyote mia viligeuka vyekundu. Nakiete alisimamishwa kazi miezi miwili, akarudishwa, akapewa meza nyingine mbali na dirisha. Toleo jipya halikutoka mwezi uliofuata wala uliofuata huo. Lilichelewa miezi tisa. Katika miezi hiyo barua zilikuja ofisini, na alijilazimisha kuzisoma zote. Binti mmoja wa Singida aliandika kwamba baba yake amekufa mwezi wa saba akiwa bado anaandika kwenye kibao, na kwamba neno lake la mwisho hawakuweza kulisoma kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Nakiete alianza kumjibu mara nne. Hakumaliza barua hata moja.

Toleo lilipotoka, lilikuwa na kitu kipya ambacho Tume ilikilazimisha baada ya kusoma maelezo ya Mwalimu Perpetua, kurasa saba za mwandiko wa ubaoni. Kabla ya kutamka neno la kukisia, kidani kilitikisika kidogo shingoni, kama mdudu aliyetua, na kusubiri nusu sekunde. Mtu akitaka neno lile, anaendelea. Asipolitaka, anakaza shingo, na neno linafia humo ndani. Wahandisi walisema nusu sekunde ingewaudhi watu. Wengi waliizoea ndani ya wiki moja.

Nakiete alikipeleka cha kwanza Mahenge mwenyewe, pamoja na karatasi ya ridhaa. Mwalimu Perpetua aliisoma yote akiwa amesimama. Mahali palipouliza kama maneno yake yanaweza kutumwa ofisini aliandika *ya darasani tu*, akasaini. Alikivaa, akasema, "Robo tatu ya thelathini na sita," kikatikisika, naye akaruka kidogo, akatabasamu. Alikijaribu kwa nusu saa, akikipa maneno na kuyaua, kama mtu anayefundisha mbwa kukaa.

Baadaye alikivua, akakiweka juu ya meza, akamwashiria Nakiete amfuate.

Walipita nyuma ya nyumba, wakavuka shamba dogo la maharage, wakafika kwenye kaburi la Sisti, lenye msalaba wa saruji. Mwalimu Perpetua alipiga magoti kwenye udongo. Shingo yake ilikuwa wazi, kovu lake likionekana. Akaanza kusema. Midomo ilisogea bila haraka, ikasimama, ikasogea tena, na mara moja alipiga udongo kwa kiganja. Ilichukua muda mrefu.

Kwa miaka yake katika kazi ile Nakiete alikuwa amejifunza kusoma midomo kiasi. Angeweza kupata neno hapa na pale. Akageuka, akatazama milima upande wa pili, na hakugeuka tena mpaka alipoguswa begani.